Kiti cha Mbele cha Mwalimu

Mwalimu alinifunza fizikia kidato cha tatu na cha nne, na nilipokuwa mtu mzima akanifunza kuruka. Mimi ndiye niliyemtoa angani. Nalisema mapema kwa sababu halijafichika: watu wa kiwanjani wanalijua, mke wake analijua, na yeye mwenyewe analijua kuliko sisi sote. Karibu kila mtu huniambia nilifanya vizuri. Lakini nikiamka Jumamosi nikaona anga safi juu ya Nakuru, kabla hata sijaweka chai jikoni, aibu huwa imeshanifika.

Tulikutana tena maabara. Nafanya kazi kwenye zahanati moja hapa mjini, kutoa watu damu na kuipima. Asubuhi moja akaingia mzee mrefu mwenye koti la sufu, akakunja mkono wa shati kabla sijamwambia aketi.

"Toa polepole, msichana," akasema. "Hiyo damu naihitaji angani wikendi."

Nilimtambua kwa sauti. Ilikuwa ileile iliyotufukuza darasani tukishindwa kueleza kwa nini kitu kizito hakianguki haraka kuliko chepesi. Nilikuwa mama wa watoto wawili, na bado nilijikuta nimesimama wima kama niko paredi.

"Mwalimu? Si ulistaafu ukaenda kulima viazi Olenguruone?"

"Viazi havihitaji kuangaliwa Jumamosi."

Akanieleza, huku nikijaza chupa, kwamba vipimo vile vilikuwa vya cheti cha afya cha rubani. Alikuwa amenunua maikrolaiti iliyochakaa kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akaitengeneza kwa zaidi ya mwaka mmoja, akasomea leseni akiwa na mvi. Sasa alikuwa anatafuta mtu mwepesi wa kukaa nyuma na kumsomea ramani. Mke wake alikuwa amekataa. Watoto wake walikuwa wamekataa. "Wewe ulikuwa unasoma ramani vizuri," akasema, jambo ambalo si kweli, kwa sababu jiografia niliiacha kidato cha pili. Lakini Jumamosi hiyo nilikwenda.

Kwa asiyeijua, maikrolaiti ni kama pikipiki ya magurudumu matatu iliyoning'inizwa chini ya bawa la kitambaa, na injini yenye pangaboi nyuma. Haina mlango, haina kioo. Mmoja anakaa mbele, mwingine nyuma yake, magoti yake yakimbana mwenzake mbavuni. Usukani ni chuma kimoja kilicholala mbele ya kifua: ukikivuta unashuka na kuongeza kasi, ukikisukuma unapanda na kupunguza mwendo. Mafuta yanakanyagwa kwa mguu wa kulia. Mnazungumza kwa maiki iliyo ndani ya helmeti, na kwa hiyo kila pumzi ya mwenzako unaisikia kama yuko ndani ya sikio lako.

Karibu kila mwezi, mvua ikiruhusu, wenye vindege hivi hukutana kwenye uwanja wa nyasi upande wa Gilgil, katika shamba la mfugaji mmoja anayetuvumilia. Wengine hutoka Naivasha, wengine Nanyuki, wengine Nairobi wakivuta mabawa yaliyokunjwa kwenye trela. Hakuna kombe wala zawadi. Tunakutana kunoana. Mkufunzi wetu, mtu wa Naivasha mwenye sauti ndogo na subira nyingi, hupanga mazoezi: kutua magurudumu yakigusa mstari wa chokaa, kushuka injini ikiwa imepunguzwa kabisa, kana kwamba imekufa, kudondosha mfuko wa unga juu ya tairi kuukuu, kuzunguka njia ndefu ukiangalia chini kwa macho yako, simu ikiwa imezimwa mfukoni. Mtu akikosea anachekwa, halafu anaelezwa. Mchana upepo unapokuwa mbaya tunafunga mabawa na kwenda Kikopey kula nyama, na huko ndiko makosa yote hurudiwa kwa mikono juu ya meza, mtu akionyesha kwa kiganja jinsi alivyoingia akiwa juu mno.

Mwalimu alikuwa nyota wa wikendi hizo. Si kwamba hakukosea. Alikuwa na hasira, na alikuwa na majivuno ya kutua, mpaka akitua vizuri alikuwa anabaki ameketi pale kwenye mstari kidogo, injini imezimwa, ili watu waone. Lakini alipenda kufundisha. Baada ya miezi michache ya kusoma ramani alifunga vyuma viwili vya ziada kwenye usukani, vya kufikia nyuma, ili nishike pamoja naye. "Sikia uzito wake," alikuwa akiniambia. "Usilipige vita bawa. Liombe." Nilipoweza kunyoosha ndege mwenyewe kutoka ziwa Elementaita mpaka kiwanjani, alipiga kelele ndani ya maiki hadi nikaogopa masikio yangu yatapasuka.

Lakini kiti cha mbele hakunipa. Nilisoma kwa mkufunzi pia, kwa ndege ya mafunzo, na siku moja mkufunzi aliniambia nimekaribia kuruka peke yangu. Nikamwomba Mwalimu tubadilishane viti, niruke mbele naye akae nyuma. Akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika akasema mwezi ujao. Nilikuwa nimeanza kukasirika. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nikimwangalia mgongo wake mpana ulionizibia mbele, na nikiwaza kwamba huyu mzee ataruka mpaka mimi nipate mvi. Nataka hilo likumbukwe katika yale yanayofuata.

Mara ya kwanza ilikuwa Kikopey. Alikuwa anasimulia jinsi upepo ulivyomrusha juu ya milima ya Mau, kipande cha mbavu mkononi, na katikati ya sentensi akanyamaza. Akaangalia ukutani. Mdomo wake ulikuwa unatafuna ingawa nyama ilikuwa bado mkononi. Watu walicheka, wakidhani anaigiza. Kisha akaendelea na hadithi, ila kutoka mahali pengine, kama mtu aliyeruka ukurasa. Niliona. Kazi yangu inanikutanisha na wagonjwa kila siku, na nilijua ule haukuwa mchezo. Nikajiambia amechoka. Nikachukua kachumbari.

Mara ya pili ilikuwa mwezi uliofuata, Jumapili asubuhi, zoezi la njia ndefu. Tulikuwa tumepita juu ya Elementaita, flamingo wakiwa mstari mwembamba wa waridi pembeni mwa maji, tukafuata barabara kuu mpaka Nakuru ikaonekana, mabati yake yaking'aa, halafu tukapinda kuelekea Menengai, ile kreta kubwa, shimo la volkano ya zamani. Palikuwa shwari. Alikuwa anafundisha, kama kawaida.

"Ukivuka ukingo wa kreta, joto litakusukuma kutoka chini," akasema. "Usishtuke. Utalisikia kwenye mikono kwanza, halafu wacha—"

Kimya.

Nilingoja. Nilidhani anatafuta neno. Kisha nikasikia ndani ya helmeti yangu sauti ya mdomo ukitafuna, taratibu, bila chakula. Bawa likaanza kulala upande wa kushoto, polepole sana, na injini ikaanza kunguruma zaidi kwa sababu mguu wake ulikuwa umekaza juu ya mafuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeachia chuma na ulikuwa unapapasa zipu ya koti, juu, chini, juu, chini.

"Mwalimu!"

Nilishika vile vyuma viwili na kuegemea kwa mwili wangu wote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshikilia, mgumu kama tawi, na nilikuwa nashindana nao. Chini yetu kulikuwa na ukuta wa kreta, mawe meusi na vichaka, na mvuke mweupe ukitoka sehemu sehemu. Nilimwita tena. Nilimwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo sijawahi kulitumia kabla wala baada. Bawa likakubali, likanyooka. Kisha mguu wake ukalegea na injini ikatulia.

"—wacha lipande lenyewe," akasema.

Alimalizia sentensi yake. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha zaidi. Kwake yeye hapakuwa na pengo.

"Mbona umeshika?" akauliza. "Na mbona tumeelekea magharibi?"

"Ulinyamaza, Mwalimu. Ulikuwa hunijibu."

"Nilikuwa nafikiri."

Sikuachia vile vyuma mpaka Gilgil. Aligombana nami njia nzima, akisema nazuia mikono yake, lakini nilikataa. Karibu na uwanja akaniamuru kwa sauti ya darasani, "Ondoa mikono," nami, Mungu anisamehe, nikaondoa. Alitua na magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya mstari. Chokaa ikaruka kama unga. Watu wakapiga makofi. Alibaki ameketi pale, kama kawaida yake, akisikiliza makofi.

Nilimfuata nyuma ya banda la ndege alipokwenda kunawa mikono. Nikamweleza kila kitu: kimya, mdomo, zipu, mkono. Nikamweleza na ya Kikopey. Alinisikiliza akiendelea kunawa, akasugua kila kidole.

"Umemaliza?"

"Inabidi uone daktari kabla ya kuruka tena. Na lazima mkufunzi ajue."

"Mimi sina kitu."

"Mwalimu, tulikuwa tunaelekea ndani ya kreta."

Akakausha mikono kwenye suruali. Alipoinua uso nilitarajia hasira, kumbe macho yake yalikuwa yamejaa hofu, na hofu ile ilinivunja kuliko kelele. "Unajua huko kwetu wanamwitaje mtu wa namna hiyo?" akaniuliza. "Unajua wanavyokaa mbali naye, hata kikombe chake hawagusi? Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Unataka nife nikiitwa hivyo?" Halafu, kwa sauti ya chini: "Ama unataka kiti changu?"

Ningesema hapana, na hapana hiyo isingekuwa kamili. Akaniomba nimpe muda mpaka mkutano ujao. Nikakubali, kwa sharti kwamba hataruka kabla ya hapo, na tukaachana bila kushikana mikono.

Wiki hizo nilifanya kazi vibaya. Niliweka lebo ya mtu mmoja kwenye chupa ya mwingine, na bahati nzuri mwenzangu akaona. Mwishowe nilimpigia simu mke wa Mwalimu. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, alipokuja kiwanjani na maziwa lala na hakutazama juu hata mara moja ndege zikipita.

"Mama, samahani kukusumbua. Mwalimu huwa ananyamaza ghafla? Anatafuna kitu ambacho hakipo?"

Nilisikia ng'ombe na mtu akipiga ndoo.

"Tangu mwaka jana," akasema. "Nilifikiri nyinyi mnajua. Si nyinyi ndio mnapanda naye?"

"Hatukujua. Mama, akiwa huko juu inaweza kumuua. Nataka kumwambia mkubwa wetu."

"Sema. Mimi siwezi kukuzuia." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Lakini ukimnyima ndege, ni wewe utakuja kukaa naye hapa nyumbani?"

Jumamosi ya mkutano nilifika mapema. Nilikuwa na matumaini kwamba Mwalimu angekuja na barua ya daktari, au asije kabisa. Alikuja amevaa helmeti tayari, akitania watu, akaanza kuondoa turubai kwenye ndege. Nilimwendea nikamuuliza kama ameonana na daktari. Akaniambia nimshikie bawa upande ule. Nikamshikia. Kisha nikalifunga, nikavuka nyasi mpaka kwa mkufunzi aliyekuwa anamwaga chokaa, na nikamwambia.

Mkufunzi hakuuliza maswali mengi. Aliweka ndoo chini, akamwita Mwalimu pembeni. Nilisimama mbali, nikiona tu mikono. Mikono ya mkufunzi ilikuwa imetulia. Ya Mwalimu ilipanda, ikashuka, ikanielekea mimi, ikashuka tena. Marubani wengine walijifanya wanakagua nati. Kisha Mwalimu akavua helmeti, akaiweka kwenye kiti cha mbele kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto, akatembea mpaka kwenye pikapu yake, akawasha, akaondoka.

Ndipo nilipotambua ujinga wangu. Nilikuwa nimefikiria anga tu. Mtu huyu nilikuwa nimemtoa kwenye ndege nikamwachia barabara kuu, peke yake, na hasira, na safari ndefu mpaka juu Olenguruone kati ya malori. Nilikimbilia gari langu. Nilimpata kabla ya mji, nikakaa nyuma yake, taa za dharura zikiwaka, nikiangalia kila mtikisiko wa pikapu ile. Madereva walinipigia honi. Kila alipokaribia mstari wa katikati nilikuwa naita kwa sauti ndani ya gari, kana kwamba atanisikia. Tulipita Nakuru hivyo. Tulichukua njia ya Njoro hivyo.

Njoro alisimama kwenye kituo cha petroli. Akashuka, akaja dirishani kwangu.

"Unanifuata kama polisi?"

"Nipe ufunguo, Mwalimu. Nitakupeleka nyumbani."

"Umeninyima ndege. Sasa unataka na gari?"

Kijana wa petroli akauliza, "Boss, niweke ya ngapi?" Nilishuka nikasimama mbele ya Mwalimu. Nilikuwa ninalia, na sikujali nani anaona. Nikamwambia simwombi kama rubani, namwomba kama mwanafunzi wake. Sijui kama ni maneno hayo au ni machozi, au ni kwamba alikuwa amechoka tu. Alifungua kiganja. Meno ya ufunguo yalikuwa yamemwachia alama kwenye ngozi.

Niliacha gari langu pale, nikaendesha pikapu mpaka Olenguruone. Tulipanda kupitia mashamba ya ngano, kisha viazi, kisha ukungu, na kila nilipobadilisha gia vibaya nilimwona akikaza taya, akijizuia kunisahihisha. Nilitamani anisahihishe. Mke wake alitupokea getini. Alimshika mumewe mkono, akamwingiza ndani, kisha akarudi na kikombe cha chai akanipa nikiwa nimesimama hapohapo uani. Sikukaribishwa ndani, na sikulaumu. Nilirudi Njoro kwa lori la viazi, nimekaa na dereva, nikinuka udongo na vumbi.

Daktari wa ubongo alimpiga picha ya kichwa. Alikuta kovu dogo la zamani, labda la siku alipoanguka na pikipiki akiwa kijana, na akasema ni aina ya kifafa ambayo dawa inaweza kutuliza. Akasema pia kwamba kuruka hapana, na kuendesha gari hapana mpaka muda mrefu upite bila dalili. Haya yote niliambiwa na mke wake kwa simu. Mwalimu mwenyewe hakunipigia. Nilimpigia Krismasi, akaona namba yangu na kukata. Nilijua ameiona kwa sababu ililia mara moja tu, ikakatwa.

Ndege yake ilibaki kwenye banda. Nilienda wikendi mbili nikaruka peke yangu na ya mafunzo, nikirudi sikuitazama. Kisha siku moja ujumbe ukaja kwenye simu yangu, kutoka kwake, bila salamu: "Injini ikikaa bila kuwashwa inaoza. Iwashe. Ukiiwasha usiiache chini bure." Nikausoma mara nyingi. Nilimwonyesha mkufunzi, na yeye akaniambia, "Basi amekupa." Nilijibu sijui kama amenipa au amenisukumia.

Nilikaa kiti cha mbele Jumapili yenye upepo mzuri. Helmeti yake ilikuwa bado pale, nikaihamishia kwenye kabati. Kiti kilikuwa na umbo lake; ilibidi niweke mto. Kisha nikakanyaga mafuta, nyasi zikaanza kukimbia, na pale mbele yangu, ambapo zamani kulikuwa na mgongo wake, hapakuwa na kitu ila bonde zima: ziwa, Mau kwa mbali kama ukuta wa buluu, moshi wa mahali fulani Kikopey. Nilipaza sauti. Nilipaza sauti kwa furaha, na maiki ikanirudishia sauti yangu mwenyewe, na papo hapo nikakumbuka mtu aliyekaa Olenguruone akisubiri kidonge cha mchana. Nilitua vibaya siku hiyo, nikaruka mara tatu kama chura. Watu walicheka, wakanieleza. Nilifurahi kwamba nimetua vibaya.

Alirudi baada ya mvua ndefu. Mke wake alimleta, yeye ndiye akiendesha; alikuwa amejifunza udereva kwa ajili hiyo, katika umri ambao wenzake wanaacha. Mwalimu alikuwa amekonda kidogo na alizungumza polepole kuliko zamani, dawa zikimzubaisha. Mkufunzi alimpa bendera na kiti kando ya mstari wa chokaa, awe mwamuzi. Hilo lilikuwa wazo zuri. Kwa muda wa asubuhi nzima sauti yake ilisikika uwanja mzima: "Fupi!" "Umepita!" "Wewe, hiyo ni ndege ama ni ng'ombe?" Marubani walimpenda upya. Mimi nilitua karibu na mstari, si juu yake, naye akainua bendera bila kuniangalia na kusema, "Fupi," kama alivyowaambia wengine. Nilishukuru hata hilo.

Mchana alinijia nikiwa najaza mafuta. Alipapasa ukingo wa bawa, akaangalia mshono nilioushona, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

"Nilikuambia sina kitu," akasema. "Na bado nasema."

"Sawa, Mwalimu."

"Dawa nameza kwa sababu ya mama watoto."

"Sawa."

Akasimama kidogo. Upepo ulikuwa umetulia, jambo la nadra saa hiyo. "Nichukue," akasema. "Raundi moja tu. Mimi nyuma, wewe mbele. Sitagusa chochote. Nitafunga mikono ukitaka. Tangu siku ile halijanitokea."

Nilitazama upande wa banda. Mkufunzi alikuwa ametusikia na alikuwa ameinama kwenye trela, akitafuta kitu ambacho nina hakika hakikuwepo. Mke wa Mwalimu alikuwa mbali, akimimina chai kwenye vikombe vya watu. Nilifikiri: abiria hahitaji cheti. Nilifikiri: ni raundi moja, ni dakika chache, hewa ni tulivu. Kisha nikafikiri kuhusu ule mkono mgumu kama tawi, na safari hii ukinishika mimi kutoka nyuma, kwenye koo au kwenye bega, nikiwa natua. Na nikawaza pia, sitaficha, kwamba nimezoea sasa kuwa na mbele pasipo mtu.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi, Mwalimu. Usiniulize tena, tafadhali."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi kwa sababu zisizoeleweka. Kisha akaangalia anga, kitambaa cha kuonyesha upepo kilichokuwa kimelegea juu ya mlingoti wake, na mstari wa chokaa.

"Basi nenda," akasema. "Hewa kama hii haidumu. Na ukirudi, punguza mafuta mapema. Unachelewa kila mara, nimekuona asubuhi yote."

Mke wake alimwita kwa chai. Akaenda, akiburuta kiti chake cha plastiki kwenye nyasi. Nilimsaidia kwa hatua chache, akanipokonya. Nikarudi kwenye ndege, nikavaa helmeti, nikawasha. Sikujua kama nilikuwa na haki ya kupanda saa hiyo, wakati yeye alikuwa pale chini na kikombe mkononi. Nilipanda. Nilizunguka juu ya ziwa katika hewa ile tulivu aliyoitaka yeye, na nilipogeuka kuja kutua nilipunguza mafuta mapema, kama alivyosema.